Sauti ya Mama Kwenye Diski

Mama yangu alikuja studio amevaa viatu vyake vya kanisani. Alikuwa ametoka Bujora asubuhi na mapema, akapitia kwanza kwa shangazi yangu pale Igogo, akanawa vumbi miguuni, ndipo akavaa vile viatu alivyokuwa amevibeba kwenye kikapu. Nilimkuta mapokezi amekaa wima, mikono juu ya mapaja, kama mtu anayesubiri kuitwa na daktari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimechelewa?"

Hakuwa amechelewa. Alikuwa amewahi sana, mpaka dada wa mapokezi alishamletea chai mara mbili na mama alishaanza kumshauri kuhusu kikohozi cha mtoto wake.

Mimi ni mtangazaji kwenye kituo kidogo cha redio hapa Mwanza, ghorofani, kwenye mteremko ambao ukifungua dirisha unaona mawe, mabati na kipande cha ziwa. Kipindi changu ni cha mambo ya nyumbani: chakula, watoto, mashamba, afya. Nilisomea utangazaji Dar es Salaam, na huko ndiko nilikojifunza kuongea ninavyoongea hewani. Wasikilizaji wengi hudhani mimi ni mtu wa Pwani. Mmoja aliwahi kupiga simu akaniuliza kwetu ni Tanga au Bagamoyo, nikacheka tu bila kumjibu. Nilifurahi siku nzima.

Wiki ile nilikuwa naandaa kipindi kuhusu chakula cha akiba, hasa michembe, vile viazi vitamu vinavyokatwa vipande na kuanikwa juani mpaka vinakuwa vikavu kama vijiti. Nilijua hadithi nzuri kuliko zote kuhusu michembe, na aliyekuwa nayo ni mama. Nimeisikia jikoni kwetu tangu nikiwa mdogo. Ni hadithi ya mwaka wa njaa, yeye akiwa binti mdogo. Bibi alikuwa na kihenge, kighala cha fito na udongo cha kuwekea chakula, nyuma ya nyumba. Alikiziba mdomo kwa udongo na samadi, akawaambia watoto wake kwamba ni kitupu, panya wamemaliza kila kitu. Alifanya hivyo kwa sababu alijua mtoto mwenye siri ya chakula hawezi kuinyamazia mbele ya mwenzake mwenye njaa. Basi walilala njaa, wakala majani ya porini, wakanywa uji mwepesi kama maji ya kunawa. Siku ambayo mdogo wake mama alishindwa kusimama, bibi alichukua jembe, akakivunja kile kihenge, na michembe ikamwagika mpaka miguuni pake. Mama husema, "Hatukufurahi. Tulikasirika. Tulimwangalia mama yetu kama mwizi." Halafu huigeuza sufuria, akaendelea na jinsi bibi alivyoita majirani waje kula, na jinsi mjomba wangu alivyokataa kuongea na mama yake hadi mvua ziliponyesha.

Hiyo ndiyo niliyotaka. Nilimwambia mama kwa simu aje tuirekodi.

"Kwa Kiswahili?"

"Kwa Kiswahili, mama. Redio yetu ni ya Kiswahili."

"Mimi nitaweza?"

"Unaongea Kiswahili kila siku."

"Cha sokoni," akasema. "Haya, nitakuja."

Studio ya pili ndiyo tunayorekodia vipindi visivyo vya moja kwa moja. Kompyuta yake ilikuwa mbovu. Ilikuwa inafanya kazi vizuri siku kadhaa, kisha bila sababu kioo kinageuka bluu, maandishi meupe yanatokea, na kila kitu kinakwama. Fundi mitambo wetu, mwanaume wa rika langu kutoka Kagera, alikuwa ameshahangaika nayo. Ni mtu mwenye majigambo kidogo, anayependa kutukumbusha kwamba kwao kila nyumba ina msomi, lakini kazi yake anaijua na hana roho mbaya. Alikuwa amenieleza alichokifanya.

"Kompyuta ina kumbukumbu ya muda," alisema. "Humo ndimo inamofanyia kazi. Ikizimika, vyote vilivyomo vinapotea. Sasa nimeipanga hivi: siku ikianguka tena, kabla haijajiwasha upya, imwage kila kilichomo kwenye diski, liwe faili moja kubwa. Nikilifungua nitajua nini kiliiangusha. Kwa hiyo ukiona bluu, usiguse kitu. Iache imalize."

Nilimwitikia bila kumsikiliza sana. Jambo ninalolijua mimi kuhusu programu yetu ya kurekodi ni moja: ni ya zamani, na haihifadhi chochote mpaka ubonyeze kitufe cha kuhifadhi. Usipobonyeza, sauti yako inaelea tu humo humo kwenye kumbukumbu ya muda.

Nilimkalisha mama mbele ya maikrofoni. Fundi alikaa upande wa pili wa dirisha la kioo. Mama alirekebisha kitenge chake, akaangalia ile maikrofoni kama anayemsalimia mtu mzima, akaanza.

Alianza vizuri. Alianza kama anavyosimulia jikoni. "Mwaka ule jua liriwaka mpaka ng'ombe wakawa wanararia miti," akasema, na mimi nikabonyeza kitufe cha kusimamisha.

Lazima nieleze, ingawa kila mtu wa huku anajua. Kisukuma hakitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyofanya, na watu wetu wengi wa umri wa mama huzichanganya wakiongea. Barabara inakuwa balabala, kulala kunakuwa kurara. Hakuna asiyeelewa. Mimi mwenyewe nimekua nikiongea hivyo, mpaka nilipokwenda shule ya bweni na wenzangu wakaniita kwa jina langu lenye r huku wakilitamka kwa l, kwa sauti yangu. Nililia, nikajifunza. Nilijifunza vizuri kiasi kwamba sasa nikisikia kosa hilo hewani linanichoma sikio.

"Mama," nikasema, "useme 'wanalalia'. Na 'liliwaka'. Tuanze tena."

"Nimesemaje?"

"Umesema 'liriwaka'."

"Aa. Haya."

Nikafuta, tukaanza upya. Akasema liliwaka, lakini alipofika kwa ng'ombe akakosea tena, nikasimamisha. Tukaanza tena. Kila mara nilifuta kile cha mwanzo, kwa sababu nilikuwa na uhakika kinachofuata kitakuwa safi zaidi. Kila mara hadithi ilipungua kidogo. Kwanza ulitoka ule mzaha wake kuhusu mjomba. Kisha akaacha kutumia mikono. Kisha akaanza kuniangalia mdomoni badala ya machoni.

Alipofika kwenye uji, akasema, "Tulikuwa tunakura mara moja kwa siku."

Nyuma ya kioo fundi akainama ghafla. Nilimwona mabega yakitikisika. Na mimi, Mungu anisamehe, nikasikia kicheko kikinipanda.

"Mama, 'tunakula'. Hapo umesema kama vile mnapiga kura."

"Kupiga kula?"

"Kura."

"Si ndivyo nilivyosema?"

Fundi akatoka nje. Nilimwambia mama apumzike kidogo, anywe maji, ninarudi. Nikamfuata fundi kwenye kibaraza. Alikuwa ameegemea ukuta, anajifuta macho. "Samahani," akasema, "samahani sana, lakini mwaka wa njaa na uchaguzi mara moja kwa siku!" Akaigiza. Aliigiza vibaya, kwa sauti nyembamba isiyofanana kabisa na ya mama, lakini nilicheka. Nilicheka mpaka nikashika nguzo. Sikucheka kwa ubaya, hivyo ndivyo nilivyojiambia. Nilikuwa nimechoka, nilikuwa na kipindi cha kukamilisha, na kucheka na mtu ambaye kwao kuna wasomi kulinifanya nijisikie kwamba mimi na yeye tuko upande mmoja wa kioo.

Tuliporudi ndani mama alikuwa amekaa vilevile, glasi ya maji imejaa. Akasema yuko tayari. Na kweli, safari hii aliongea bila kosa hata moja. Aliongea polepole, neno kwa neno, kama mtoto anayesoma ubao. Bibi alichukua jembe. Alivunja kihenge. Tulikula michembe. Asanteni. Hakuna aliyekasirika katika hadithi ile, na hakuna mjomba.

"Safi sana, mama," nikasema, nikanyoosha mkono kubonyeza kitufe cha kuhifadhi.

Kioo kikawa bluu.

Mkono wangu ulienda wenyewe kwenye swichi ya ukutani, kwa hasira, kama mtu anavyotaka kumpiga punda aliyegoma. Fundi alipiga kelele kupitia spika: "Usizime! Usizime, iache!" Nikasimama. Chini ya yale maandishi meupe kulikuwa na namba ya asilimia, na ilikuwa inapanda taratibu sana. Tulikaa tukiitazama, mimi na mama. Mama akauliza, "Nimeiharibu?"

"Hapana, mama. Ni mbovu tu."

"Nilikuwa nimeshika hapa," akasema, akionyesha ukingo wa meza.

"Si wewe."

Namba ikafika mwisho, mashine ikajizima, ikajiwasha. Programu ya kurekodi ilifunguka tupu kabisa, kana kwamba hakuna mtu aliyewahi kuingia kwenye chumba kile. Nilimwomba mama turudie mara moja tu. Akaniangalia, akasema kwa upole kwamba anahofia kuchelewa kurudi, ana kuku hajawafungia. Ilikuwa bado kabla ya chakula cha mchana. Nilimsindikiza hadi kituoni. Njiani hakuongea, na mimi nilidhani ni uchovu.

Siku iliyofuata fundi hakuja na utani wake wa asubuhi. Alinikuta mezani kwangu, akasema, "Njoo mara moja," akatangulia.

Alikuwa amelifungua lile faili. Alikuwa ameshajua ugonjwa wa mashine, kifaa cha sauti kilichokuwa kinagombana na programu yake, na alinieleza haraka haraka bila kujisifu, jambo ambalo si kawaida yake. Kisha akasema, "Nilifikiri, kama kumbukumbu yote imemwagwa kwenye diski, basi hata sauti ya mama imo. Nikaitafuta, nikufurahishe."

"Umeipata?"

"Nimepata ilivyobaki. Ulipokuwa unafuta na kuanza upya, mashine iliandika vya mbele juu ya vile vya nyuma. Hivyo vya kwanza havipo tena. Kuna vipande vya ile ya mwisho, vimekatikakatika. Halafu kuna kipande kimoja kirefu, kizima. Ulitoka nje bila kusimamisha kurekodi."

Akanipa vipokea sauti vya masikioni. Yeye mwenyewe akageuza kiti, akaangalia ukuta.

Kwanza ilikuwa ni kelele tupu, kama mvua kubwa juu ya bati. Fundi alikuwa amesema mashine haijui ipi ni sauti na ipi ni takataka, inamwaga vyote pamoja. Halafu mvua ikakatika, nikasikia chumba. Nikasikia mlango unafungwa, na mimi ndiye niliyeufunga. Nikasikia glasi ikiinuliwa na kurudishwa mezani. Kisha mama, kwa sauti ndogo:

"Tunakura. Tunaku-la. La, la, la. Tunakula."

Akanyamaza.

"Tulirara. Tulilara. Tuli-la-la. Tulilala. Tulilala njaa. Balabala. Ba-ra. Bara. Barabara."

Aliendelea hivyo. Alirudia kila neno nililomsahihisha asubuhi ile, kwa mpangilio, hakusahau hata moja. Akikosea alijisonya kidogo, akaanza tena. Mama yangu, mwenye wajukuu, mwenye kuheshimiwa Bujora nzima, ambaye akisimama kwenye msiba watu hunyamaza wasikie atasema nini.

Halafu, kwa mbali, nyuma ya mlango, nikasikia kicheko. Cha kwanza kilikuwa cha fundi. Kisha ile sauti nyembamba, ya kuigiza. Maneno hayakusikika vizuri, lakini mdundo wake ulisikika, na mtu anayeigizwa huutambua mdundo wake popote. Kisha kikafuata kicheko cha mwanamke, kirefu, kinapanda na kushuka. Sikukitambua mara moja. Kwenye redio huwa sicheki hivyo.

Ndani ya chumba, mama alinyamaza. Alinyamaza muda mrefu kiasi kwamba nilidhani kipande kimeisha. Nilisikia anavuta pumzi kwa pua. Kisha, kwa sauti ndogo kuliko ya mwanzo, akaendelea.

"Tunakula. Tunakula. Tulilala. Tunakula."

Nilivua vile vipokea sauti. Fundi hakugeuka.

"Aliyeanza kucheka ni mimi," akasema kwa ukuta.

"Lakini ni mama yangu mimi," nikasema.

Nikatoka, nikaenda chooni, nikafungua bomba ili watu wasinisikie. Nimewahi kuona aibu ya kukosea hewani, aibu ya kufukuzwa ada shuleni mbele ya darasa, aibu nyingi tu za kawaida. Zote zilikuwa na watu wa kunitazama. Hii haikuwa na mtu, na bado nilishindwa kuinua uso wangu kwenye kile kioo cha chooni.

Kipindi kilikuwa lazima kiende. Nilimtafuta mama mmoja anayeuza michembe na dagaa karibu na mwalo wa samaki, mcheshi, mwenye sauti nene. Aliingia studio akiwa bado na kanga ya kazini, akakaa, akaanza kuongea kabla sijamuuliza swali. Alichanganya l na r kuanzia salamu hadi kuaga. Sikumsimamisha hata mara moja. Nilikuwa nimejiapia. Aliongea mpaka akachoka mwenyewe, akacheka, akalia kidogo alipomtaja mumewe marehemu, na kipindi kilipokwenda hewani simu zililia mfululizo. Msikilizaji kutoka Sengerema akaomba kirudiwe. Hakuna mtu hata mmoja aliyelalamikia Kiswahili chake. Meneja alinipongeza mbele ya wenzangu, na fundi, aliyekuwa amesimama mlangoni, akaangalia viatu vyake.

Jumamosi ile nilipanda daladala kwenda Bujora. Nilimkuta mama uani anamenya viazi, nami nikavuta kigoda, nikachukua kisu. Nilikuwa nimepanga maneno tangu natoka nyumbani kwangu Buswelu, lakini yeye ndiye aliyeanza.

"Nimesikiliza kipindi."

"Ulikionaje?"

"Kizuri sana. Yule mama anajua kusimulia." Akatupa ganda, akachukua kiazi kingine. "Ulimwacha akaongea mpaka mwisho."

Hakusema kwa kijembe. Ningejua. Mama akipiga kijembe hukipiga vizuri. Alisema tu, kama mtu anayesifia mboga ya jirani, na hapo ndipo yote niliyoyapanga yakanitoka kichwani, nikasema ovyo.

"Mama, nilisikia. Mashine ilirekodi. Ulipobaki peke yako, nilikusikia ukijifunza. Na mimi nikicheka nje. Nisamehe."

Kisu chake kikasimama. Nilidhani atanikemea, na nilitamani anikemee. Badala yake aliangalia chini. Akashika ncha ya kitenge, akaziba mdomo, kama wanavyofanya wasichana wakiulizwa habari za wachumba.

"Mashine si ilizimika?" akauliza ndani ya kitenge.

"Ilizimika. Lakini ilihifadhi kwanza kila kilichokuwemo."

"Kila kitu?"

"Karibu kila kitu."

"Nani mwingine amesikia?"

Ningeweza kudanganya. "Fundi. Yeye ndiye aliyeipata."

"Yule baba," akasema. "Yule baba wa watu amenisikia nikijifundisha kama mtoto wa chekechea." Akatikisa kichwa. "Ng'wanawane, mwanangu, mbona umenifanyia hivi?"

Nilikuwa nimekwenda kutua mzigo wangu, na nilikuwa nimemtwisha yeye. Mpaka dakika ile alikuwa anajua tu kwamba tulimcheka. Hilo alikuwa ameshalibeba, ameshalipanga mahali pake, ameshatusamehe pengine. Sasa nilikuwa nimemwambia kwamba hata pale alipodhani yuko peke yake hakuwa peke yake.

"Nitaifuta," nikasema.

"Ifute."

"Jumatatu asubuhi, mama, nikifika tu."

"Usiisikilize tena. Ifute bila kusikiliza."

Nikaahidi. Tulimaliza viazi. Baadaye nilimwuliza kama siku moja angenisimulia tena habari ya kihenge, hapo hapo uani, bila mashine yoyote, kwa Kisukuma kama akipenda. Alifikiri. Akasema hadithi ile ameichoka kidogo, labda siku nyingine. Kisha akaniuliza kama nitakula ugali au wali, na akalitamka neno "utakula" vizuri, kwa uangalifu, ile "la" kama inavyotakiwa.

Jumatatu fundi alinifungulia lile faili, akasogea pembeni, akaniachia nilifute mwenyewe. Aliniuliza kama nina uhakika, maana likifutwa hivyo halirudi. Nikamwambia kwamba mama mwenyewe ndiye aliyeamua. Likaondoka mara moja, kubwa vile, bila sauti. Kompyuta ile alishaitengeneza na haijaanguka tena tangu hapo. Aliniambia pia, akiwa anakunja nyaya, kwamba bibi yake kule Muleba hajui Kiswahili kabisa, na kwamba alipokuwa sekondari alimkataza asije siku ya mahafali. Sikumwuliza zaidi. Tangu siku ile hatutaniani tena, ila tunasalimiana vizuri.

Mama hunipigia simu Jumapili baada ya misa. Ilinichukua muda kugundua kinachoendelea. Nilidhani tu amekuwa mfupi wa maneno, labda anabana salio. Siku moja nikamsikia anasema mtoto wa jirani "amepumzika" mchana kutwa kwa homa, nikajiuliza kwa nini hasemi amelala. Wiki iliyofuata akasema gari lilikwama "njiani". Hakusema barabarani. Watu "wameshiba", hawakula. Alikuwa anazunguka maneno kama mtu anayejua mahali penye tope kwenye njia aliyoizoea, na anayazunguka kwangu tu. Dada yangu anasema akiwa naye anaongea kama zamani.

Sijamwambia kwamba nimegundua. Nimejifunza nini kinatokea nikimwambia mama vitu nilivyovigundua.

Jumapili iliyopita tulikuwa tunaongea habari za mvua, yeye akichagua maneno yake polepole, nami nikimsubiri. Ghafla akapiga kelele. Mbuzi wa jirani walikuwa wamevunja ua na kuingia kwenye michembe aliyoianika juu ya jabali. Hakukata simu. Nilimsikia anakimbia, anamwita jirani, anamtukana mbuzi, anamtukana mwenye mbuzi. "Wanakura! Wanakura vyote! Mbuzi gani hawa hawarari, hawafungwi, wanazurula balabalani kama hawana mwenyewe!" Maneno yalimtoka yote, ya Kiswahili na ya Kisukuma, hakuna alilolizunguka. Nilisimama katikati ya sebule yangu na simu sikioni, sikuthubutu hata kupumua.

Kisha kwato zikafifia. Nikamsikia anahema, anacheka peke yake, anaokota vitu chini.

"Haloo?" akasema. "Bado upo?"

"Nipo, mama."



"Walikuwa mbuzi," akasema taratibu. "Wameshaondoka."